Siku Saba za Makala ya Bi Ramani

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, wakati nikipinda mapazia ya mteja. Simu ilitetemeka juu ya meza ya kukatia, karibu na chaki, nikaiacha itetemeke mpaka nilipofika mwisho wa pindo, maana pindo lililokatizwa katikati hujulikana hata na asiyejua kushona. Kisha nikazima cherehani, nikafuta mikono, nikasoma. Juu kabisa ya makala yangu paliwekwa kisanduku chenye mpaka mwekundu. Ndani yake waliandika kwamba makala haina chanzo huru kilichochapishwa, na kwamba isipopata walau kimoja ndani ya siku saba itafutwa. Chini palikuwa na jina la aliyebandika: Jongoo.

Makala hiyo ilikuwa katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kumsahihisha. Aliyeniingiza humo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Siku moja alikuja karakana kwangu na simu mkononi, amekasirika kama mtu aliyerukwa kwenye foleni. "Wifi, humu mna makala tatu za aina za kufuli, na hamna hata moja ya kitanda cha kujifungulia. Wewe unadhani wanaoandika ni kina nani?" Tangu siku hiyo tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha maktaba. Wifi hutuita kikundi. Kwa kweli tuko watatu: yeye, mimi, na mkutubi, dada mrefu mpole anayetukataza chai karibu na vitabu, halafu anakwenda kuinywa yake mlangoni.

Mimi nilianza na vifungo. Makala ya vifungo ilikuwa na makosa mawili, nikayarekebisha, hakuna aliyenifukuza. Nikaendelea na uzi, sindano, pasi. Nilijiandikisha kwa jina la Pindo. Shule niliiacha darasa la saba, na kabla ya hapo kitu pekee nilichokuwa nikiandika kila siku ni vipimo vya viuno vya watu. Ndipo akaja Bi Ramani.

Anaishi chini kabisa katika jengo linalotazamana na karakana yangu. Aliniletea sketi niiongeze mfuko. "Nataka mfuko unaoingia rula," akasema. Nimeshona mifuko ya simu, ya miwani, ya funguo na ya chupa ya dawa, lakini ya rula sikuwahi kuombwa, nikamuuliza ya nini. Akaniambia alikuwa mchoraji wa idara ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Mabomba yote yaliyo chini ya mji huu aliyachora yeye, mtaa kwa mtaa, kila mtaa karatasi yake. Bomba lilipopasuka, mafundi walikuwa wanakuja kwanza mezani kwake, ndipo wanakwenda kuchimba.

Nilimhoji mara tisa. Nilijaza daftari zima. Makala ilinichukua miezi minne, na ilipotoka nilivuka barabara nikamwonyesha. Aliisoma amesimama, simu ameishika mbali na uso, midomo ikicheza. Akamaliza, akarudia tena kutoka juu. Kisha akaniuliza kwa nini herufi ni ndogo hivyo, kwani mtandao nao unabana karatasi? Lakini alikuwa amegeukia dirishani, akijifanya anatazama nguo zake kwenye kamba.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo sikuogopa kazi yangu kufutwa. Nimefumua nguo nyingi maishani mwangu. Niliogopa kuvuka ile barabara nikamwambie mwanamke wa miaka themanini na mmoja kwamba alikuwa ameandikwa, na sasa ameondolewa.

Jumanne wifi alifika karakana kabla sijafungua dirisha la pili.

"Huyu Jongoo ni nani?"

"Simjui, wifi."

"Mimi simjui lakini namwona. Mwanamume huyo. Ana kitambi, amekaa kwenye kiti kinachozunguka, anakunywa chai iliyopikwa na mtu mwingine. Mwanamke gani ana nafasi ya kuzungukazunguka akifuta vitu vya wenzake?"

"Labda ana sababu."

"Wewe hata mwizi akikuibia cherehani utasema labda ana nguo za kushona."

Nilimwandikia Jongoo kwenye ukurasa wa majadiliano, nikauliza kwa upole kilichopungua. Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Aliandika kwamba makala ni nzuri na imeandikwa kwa uangalifu, ila yote imetoka kwenye mazungumzo yangu na mhusika mwenyewe. Kanuni inataka mtu mwingine, asiye mimi wala yeye, awe amemwandika na kuchapisha mahali. Nikipata chanzo kama hicho, tangazo ataliondoa kwa mkono wake. Mwishoni aliongeza: samahani kwa kuchelewa, nilikuwa namnyonyesha mtoto.

Wifi aliisoma sentensi ya mwisho mara mbili.

"Haya," akasema. "Baba wa siku hizi."

Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka. Naye akacheka, lakini hakukubali kushindwa. Alisema kama wanataka gazeti, watapata gazeti. Kulikuwa na mwandishi wa habari ambaye wifi ndiye aliyemzalishia mke wake mapacha. "Watoto wawili kwa mpigo, wifi! Hawezi kuninyima nusu ukurasa." Akampigia simu palepale, akampa jina la Bi Ramani, nambari ya jengo na nambari ya mlango. Mwandishi akaahidi kwenda kumhoji kesho yake.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Wifi aliingia nalo akilipeperusha, ameninunulia na mimi nakala yangu, na moja ya kuweka akiba. Nusu ukurasa kweli, na jina kamili la Bi Ramani kwenye kichwa cha habari. Picha haikuwa yake, ilikuwa ya bomba.

"Bomba zuri lakini," wifi akasema. "Sasa bandika hicho chanzo chako, Jongoo akanyonyeshe kwa amani."

Nikaomba niisome kwanza. Ninasoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Habari ilikuwa safi, nami nilikuwa nikifurahi mpaka nilipofika aya ya nne, ambapo mwandishi alisema Bi Ramani aliacha idarani karatasi 340 za michoro. Kidole kikasimama hapo. Nilitoa daftari langu kwenye droo ya zipu, nikalifungua kwenye mahojiano ya tano. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika 304.

Nikafungua makala kwenye simu. 340.

Mimi ndiye niliyezigeuza tarakimu wakati wa kunakili. Kosa hilo halikuwepo popote duniani isipokuwa kwenye makala yangu, na sasa lilikuwa gazetini.

Nilivuka barabara. Bi Ramani alikuwa anamenya viazi mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Kuna mwandishi wa gazeti aliyekuja kwako wiki hii?"

"Marahaba. Mwandishi gani? Amekuja fundi wa umeme tu, na hata yeye hakumaliza."

"Na zile karatasi, Bibi, zilikuwa ngapi?"

"Mia tatu na nne. Kwani kuna moja imepotea?"

Nikamwambia hapana, hakuna iliyopotea. Nikarudi nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Wifi alikuwa bado ananisubiri, nikamweleza. Mwandishi hakwenda kokote. Alifungua makala yangu, akaibadilisha maneno mawili matatu, akaichapisha. Gazeti lile lilikuwa sauti yangu mwenyewe, imezunguka nyumba ikaingilia mlango mwingine.

"Nani anajua?" wifi akauliza.

"Mimi."

"Na mimi. Na mimi sijui kitu."

"Wifi."

"Wifi nini? Gazeti ni gazeti! Wamesema kichapishwe, kimechapishwa. Wewe rekebisha hiyo namba kimyakimya, bandika chanzo, Jumatatu ipite. Kwani umemwibia nani? Habari ni ya kweli, Bibi ni wa kweli, mabomba ni ya kweli, maji unayokunywa hapo ni ya kweli!"

Yote aliyosema yalikuwa na maana. Nilimwomba aniache nilale kwanza. Akasema lala, lakini usiote ujinga.

Jumamosi nilifika maktaba nikiwa nimekwisha amua, na nikakaa kwenye kompyuta kabla hawajaniuliza. Niliandika kwenye ukurasa wa majadiliano, taratibu, kwamba jana imetoka habari gazetini kumhusu Bi Ramani, kwamba habari hiyo imenakiliwa kutoka makala yetu, na kwamba nina hakika kwa sababu imebeba kosa nililolifanya mimi. Nikaeleza kosa lenyewe. Nikaomba gazeti hilo lisihesabiwe. Kisha nikairekebisha namba kwenye makala, nikabonyeza kuhifadhi.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umejikata mguu vizuri kabisa. Hata damu haikutoka." Akaenda kukaa upande wa pili wa meza, akamgeukia mkutubi. "Dada, mwambie huyo mwenzako kwamba siongei naye."

"Anakusikia," mkutubi akasema.

"Mwambie vilevile."

Nilimwelewa. Yeye ndiye aliyempigia mwandishi simu, yeye ndiye aliyekimbia na magazeti. Lakini hata ningerekebisha namba kimyakimya, gazeti lenye kosa lingebaki kuwa chanzo, kila atakayelisoma baada yangu angelichukua kuwa kweli, na Bi Ramani, aliyezihesabu karatasi zake moja moja, angeishi milele na karatasi thelathini na sita ambazo hakuzichora. Nilijaribu kumweleza hivyo. Akamwambia mkutubi aniambie kwamba hajasikia.

Jongoo alijibu baada ya nusu saa. Alisema yuko kwenye kazi hii miaka mingi, na watu wamemletea magazeti ya kila aina, lakini hajawahi kuletewa gazeti na mtu anayesema usilikubali. Akauliza kama mji ulikuwa ukichapisha ripoti za mwaka za idara zake, maana mara nyingi hizo hazipo mtandaoni lakini huwa zimelala kwenye maktaba. Akamaliza kwa kusema tangazo litabaki hadi Jumatatu kama kanuni inavyotaka, lakini yeye, kama mama na kama mhariri, anatuombea tupate.

"Kama nani?" wifi akauliza, akisahau kwamba haongei nami.

"Kama mama."

"Basi kitambi kile ni cha uzazi," wifi akasema. "Namsamehe."

Mkutubi alikuwa tayari amesimama. Alisema ripoti za halmashauri ziko kwenye masanduku kumi na moja nyuma ya rafu ya ramani, hazijawahi kuorodheshwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuziulizia. Tukazibeba. Vumbi lake lilikuwa la heshima, wifi akapiga chafya saba akazihesabu kwa sauti. Nikapendekeza tusizivamie ovyo: kila mtu achukue miaka yake, asome sehemu ya maji peke yake, na penye mashaka aweke alama. Nilitoa mfuko wa vipande vya vitambaa. Mkutubi akakubali. "Vitambaa sawa. Mate hapana," akamwambia wifi, ambaye alikuwa keshalamba kidole.

Tulisoma kuanzia saa tisa. Bi Ramani alikuwepo katika kila ripoti, na hakuwepo. Wahandisi wametajwa kwa majina na vyeo, hata yule aliyekuwa likizo mwaka mzima. Dereva wa gari la idara ametajwa. Paka wa bohari ametajwa, kwa kazi nzuri dhidi ya panya. Yeye ni "mchoraji", mwaka mwingine "mchoraji wa kike", na mwaka mmoja akatumbukia kabisa ndani ya "wafanyakazi wengine".

"Paka!" wifi akasema. "Miaka thelathini na mmoja, na paka kampita!"

Sanduku la nane lilikuwa langu. Nilifika ripoti ya mwaka wake wa thelathini kazini, ukurasa wenye kichwa kilichosema Ucheleweshaji wa Kazi, na hapo nikaliona jina lake. Kamili, majina yote matatu, bila kukosewa herufi. Niliwaita. Mkutubi akasoma kwa sauti.

Mhandisi mkuu alilalamika kwamba ujenzi wa barabara mpya ulisimama kwa wiki sita kwa sababu mchoraji wa idara, na hapo ndipo jina, alikataa kutia sahihi mchoro mpaka alipoutembea mstari wote wa bomba kwa miguu yake mwenyewe. Mwenendo huo, akaandika, ni ukaidi usiofaa kwa mtumishi. Mchoraji amepewa onyo la maandishi.

Kisha wifi akaivuta ripoti ya mwaka uliofuata, akaifungua bila kulamba kidole, akasoma. Barabara mpya imekamilika. Kwa mara ya kwanza katika historia ya idara, ujenzi haukukata bomba hata moja. Idara inamshukuru mkandarasi. Na mistari miwili chini: chumba cha michoro sasa kina karatasi 304, kazi yote ya mchoraji aliyetajwa katika ripoti iliyopita.

"Hawakupata nafasi ya kumtaja kwa sifa," mkutubi akasema taratibu. "Ila ya lawama ilipatikana."

"Lawama ina kumbukumbu nzuri," wifi akasema. Akanishika mabega akanitikisa. "Andika! Chapa! Mia tatu na nne, wifi, kwenye kitabu cha serikali! Unangoja nini?"

"Nangoja kumuuliza."

Wifi aliniachia mabega. "Unakwenda kumwomba mtu ruhusa ya kumwokoa?"

"Nilimhoji mara tisa, hakuwahi kunitajia onyo. Labda hakutaka lijulikane."

Wifi akafumba macho, akamwambia mkutubi, "Dada, mwambie naongea naye, lakini kwa shida."

Jumapili baada ya chakula cha mchana tulivuka barabara sote watatu. Mkutubi alibeba zile ripoti mbili zimefungwa ndani ya kitambaa cha pamba, na kompyuta ndogo ya maktaba begani. Bi Ramani alitukaribisha, akatupa viti, yeye akakaa kitandani. Nilimweleza habari nzima bila kuruka kitu: tangazo, gazeti, kosa langu la tarakimu, masanduku. Nilimwambia kwamba kinachoweza kuizuia makala isifutwe kesho ni ukurasa mmoja, na ukurasa huo unamsema vibaya. Kama hataki, nitauacha, na nitaandika tena nikipata kingine.

Akanyoosha mkono. Mkutubi akamfungulia penye alama ya kitambaa. Akavaa miwani, akasoma. Nilikuwa nikitazama uso wake kama ninavyotazama uso wa bibi harusi anayejaribu gauni, na sikuona kitu cha kunisaidia. Midomo ilicheza mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Bibi," nikasema, nikainuka.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wiki sita!" akasema. "Yule bwana alikuwa mwongo mpaka kwenye karatasi ya serikali. Wiki sita gani? Zilikuwa nane! Sita ni zile alizojua. Mbili za mwanzo nilimwambia naumwa meno."

Wifi alipiga makofi kwa furaha. "Na lile onyo, Bibi?"

"Nililitumia kufungia samaki. Weka, mwanangu. Weka yote. Na karatasi zangu hizo, mia tatu na nne, umeona? Wanajua kuhesabu wakitaka."

Nikafungua kompyuta juu ya meza yake ndogo, nikaziingiza ripoti zote mbili, mwaka, sehemu na ukurasa, na mkutubi akanisimamia nukta kwa nukta. Nikamwandikia Jongoo. Hatukumaliza hata kugawana ndizi alizotutolea Bi Ramani, kisanduku chekundu kikaondoka. Jongoo aliandika: chanzo huru, kilichochapishwa, na kwa hakika hakimpendelei mhusika. Makala inabaki.

Wifi alipiga kigelegele, na jirani wa juu akauliza dirishani kuna harusi ya nani.

Bi Ramani peke yake ndiye hakushangilia. Alikuwa ameinamia kioo, anasoma. "Hapa bado mmeandika sita."

"Ndiyo, Bibi. Ripoti inasema sita."

"Na mimi nasema nane."

"Najua. Lakini tukikuandika wewe mwenyewe unavyosema, tunarudi kule kule."

"Hawa watu mnaongea nao vipi?"

Nikamwonyesha ukurasa wa majadiliano. Akasema anataka kuingia. Mkutubi akamsaidia kujiandikisha, na alipoulizwa jina la kutumia akasema Rula. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi, na hakutaka asaidiwe: Mimi ndiye mhusika. Hazikuwa wiki sita. Zilikuwa nane.

Jibu lilikuja upesi. Karibu sana, Bibi, ni heshima kubwa kwetu. Tafadhali taja chanzo.

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Ramani alifikiri, kisha akaandika maneno mawili: Miguu yangu.

Safari hii Jongoo alikawia kidogo. Labda mtoto, labda kicheko. Halafu akaandika kwamba katika miaka yake yote hajaletewa chanzo kizuri kuliko hicho, na kwamba kanuni inamkataza kukipokea.

Bi Ramani aliusoma mstari huo bila hasira. Alitikisa kichwa kama mtu anayemtambua mwenzake wa kazini.

"Huyu angefaa ofisini kwetu," akasema. "Hatii sahihi ovyo. Muulize, hiyo kanuni inajadiliwa wapi?"

Nikauliza. Jongoo akatutumia ukurasa wenyewe. Ulikuwa mrefu, una miaka mingi ya mabishano, na majina yaliyobishana humo yalijaa kama nyuzi kwenye kapu. Bi Ramani akatazama urefu wake, akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa kasoro robo.

"Nisogezeeni kiti," akasema.

Nikamsogezea.